Fundi wa Kibuye anayelisikiliza gari kabla ya kulifungua

Kuna mzee mmoja pale Kibuye, Kisumu, upande wa mabanda ya jua kali, ambaye kazi yake ya kila siku ni kushona viti vya matatu. Kama gari lako lina kelele za ndani, linakwaruza, linagonga, linatetema kila ukivuka tuta, mpelekee yeye kabla hujaanza kubadilisha vipuri. Nasema hivi nikiwa nimelipa kwa pesa zangu, na tangu anirudishie gari nimelipitisha kwenye barabara mbaya za kutosha kujua kama kazi imeshika.

Gari lenyewe ni Toyota Probox, lile umbo lililotoka 2014. Mimi ni daktari wa mifugo, na ng'ombe wa watu hawakai kando ya lami. Nikitoka Kisumu napita Ahero, Awasi, nakata kuelekea Chemelil na Muhoroni, na kule ndani ya mashamba ya miwa barabara za changarawe zimetafunwa na trela hadi zimekuwa matuta madogo yasiyoisha. Kiangazi kikiingia, udongo mweusi wa Kano unageuka vumbi laini linalopenya kila mahali. Halafu gari linashinda juani nikiwa zizini. Plastiki iliyopigwa na jua la huku mwaka baada ya mwaka hukakamaa, klipu zinazoishikilia hukatika vichwa, na kila kipande kinaanza kujitembeza peke yake.

Wengi huniambia, kelele ni kelele tu, ongeza redio. Siwezi kukubaliana na hilo. Dereva anayezunguka vijijini hutegemea masikio yake. Beringi ikianza kunguruma, nati ya gurudumu ikilegea, sikio ndilo hupata habari kwanza. Sasa dashibodi ikiwa inalia, buti inagonga na mlango unajibu, ile sauti ya hatari inazama humo humo. Na mtu anapokupigia saa nane usiku kwamba mtamba wake ameshindwa kuzaa, unataka gari unaloweza kulisikiliza.

Gereji nilizopita awali ziliniambia neno moja: bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari. Moja ikazibadilisha, nikalipa, nikaondoka na kelele zangu zote.

Mzee alianza kwa kunitolea vitu garini. "Daktari, ondoa vyako vyote, tubaki na vya Toyota peke yake." Zikatoka gambuti, bomba la dawa ya kupe, boksi la chanjo, kamba, chupa, hadi sarafu zilizokuwa kwenye kishikio cha kikombe. Akainama kwenye jeki, akaikuta inacheza mahali pake, akaizungusha kwa mkono mpaka ikatanuka na kubana. Mlio mmoja ukaisha hapo, bisibisi ikiwa bado mfukoni.

Kisha tukatoka barabarani, mimi nikiendesha, yeye kushoto kwangu, madirisha yamefungwa, redio na feni zimezimwa. Tukapanda hadi Kondele tukaingia Manyatta, kwenye njia zisizo na lami, mwendo wa polepole. Kazi yake yote ilikuwa kiganja na chaki. Anaweka kiganja juu ya dashibodi, anabonyeza, anasikiliza. Mlio ukikatika, anachora alama. Ukibadilika sauti bila kukatika, anasogeza mkono kidogo na kunionyesha kwa kidole nirudie shimo lile lile. Baadaye akahamia kiti cha nyuma, na mwisho akachuchumaa kwenye buti, sikio karibu na mlango wa nyuma. Sijaona fundi mwingine akitumia muda wote huo kabla ya kufungua skrubu hata moja, na naamini ndiyo sababu hakufungua chochote ambacho hakikuhitaji kufunguliwa.

Tuliporudi bandani nikamwuliza anatofautishaje milio yote ile. Akaniambia kuna kulia na kuna kugonga. Vinavyolia ni vitu viwili vilivyobanana: vinashikana, vinateleza, vinashikana tena, upesi mno hata wewe unasikia kwii moja ndefu. Vinavyogonga ni vitu viwili vyenye mwanya kati yao, ndiyo ta-ta-ta ya kwenye changarawe. Cha kulia unakitenganisha kwa kitambaa au unakilainisha. Cha kugonga unakikaza au unaujaza ule mwanya. Ukikichukua cha kulia ukakikaza kwa nguvu, huenda ukakiongezea sauti. Tangu siku hiyo nasikiliza magari ya wenzangu kwa mpangilio huo.

Wenye Probox mnaijua ile meza ndogo ya kuvuta katikati ya dashibodi. Mimi huandikia rekodi za chanjo juu yake, kwa hiyo inavutwa na kurudishwa kutwa nzima, na reli zake za plastiki zilikuwa zimelika. Mzee alikata felti vipande vyembamba mno kutoka kwenye mabaki ya dari ya matatu, akabandika pande zote mbili, akaivuta na kuirudisha, akabandua kimoja, akakata chembamba zaidi. Sasa meza inatoka kwa uzito wa kupendeza na haitoi sauti kamwe.

Mlango wa nyuma ndio ulionifurahisha kuutazama. Alichana karatasi vipande virefu, akakiweka kimoja kati ya raba na bodi, akafunga mlango, akavuta. Juu karatasi ilikataa kutoka. Katikati ikatoka kwa shida. Pembe ya chini kushoto ikatoka bila kupingwa, na chaki yake ilikuwa pale pale. Kwenye ukingo wa mlango kuna vigingi viwili vya raba vinavyozungushwa. Akakizungusha cha kushoto kinyume cha saa kikachomoza, akafunga, akajaribu karatasi tena. Kilipochomoza kupita kiasi mlango ukahitaji kubamizwa, akakirudisha kidogo. Alirudia hivyo mpaka karatasi ikabana sawasawa pande zote na mlango ukajifunga kwa mkono mmoja. Ule mgongano uliokuwa ukinifuata tangu Chemelil ulikuwa kazi ya kigingi cha raba. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Kitasa cha siti ya nyuma akakifunga kitambaa. Klipu zilizokatika kwenye milango akaziweka nyingine kutoka kwenye kopo lake.

Raba za milango alizifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, akaziacha zikauke, akapaka grisi ya silikoni. Kijana wake mmoja alikuwa ameshika oili ya injini, akamzuia. Raba nyingi za milango ya magari zimetengenezwa kwa EPDM, aina ya raba ya kiwandani, na EPDM haipatani kabisa na mafuta yatokanayo na petroli, kama oili ya injini: huvimba, hulainika, hupoteza umbo. Kelele ingenyamaza kwa muda, kisha maji ya mvua yangeanza kuingia. Nawaomba wenye gereji wanaopaka oili kwenye kila kinacholia waache.

Palipobaki ni nguzo ya kioo cha mbele, na hapo ndipo heshima yangu kwake ilipopanda. Kabla ya kugusa plastiki ya sehemu hiyo alifungua boneti, akachomoa waya wa hasi wa betri, akakaa kitako akanywa chai. Sehemu hizo zinaweza kuwa na mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda hata betri ikishachomolewa. Toyota wenyewe huagiza kungoja angalau sekunde 90. Nimewaona mafundi wenye mabango makubwa wakiingiza bisibisi pale na swichi ikiwa imewashwa.

Kulikuwa na mlio mwingine, wa chini mbele kushoto, ambao alikataa kuugusa. Akatikisa gurudumu, akasema huo si wa ndani, ni linki ya stabilaiza, kiungo cha ile fimbo ya chini inayozuia gari kulala upande kwenye kona, nimpelekee makanika. Nikampelekea, na kweli ilikuwa imelegea. Fundi anayejua kazi yake inaishia wapi ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Malipo yalikuwa shilingi 2,500 za ufundi, na klipu shilingi 30 kila moja. Kwa kazi iliyokula siku nzima naona ni bei ya haki, hata ya chini.

Yapo ya kulalamikia. Hatoi risiti, kwa hiyo kama gari ni la kampuni utabaki na ujumbe wa M-Pesa tu. Simu hapokei akiwa kazini. Anashughulika na gari moja kwa wakati mmoja, na ukikuta lingine mbele yako utangoja kwenye benchi lisilo na kivuli baada ya saa sita. Felti yake ni rangi iliyopo siku hiyo: ukifungua siti yangu ya nyuma utaona zambarau, sijali, lakini mwenye gari la kuonea fahari atajali.

Na kuna mlio mmoja ambao haukuondoka. Gari likikaa juani, chini ya kioo cha mbele kunatoka tik, tik, mpaka dashibodi ipoe. Aliniambia waziwazi kwamba ni plastiki inayotanuka kwa joto, kuufikia ni lazima dashibodi nzima ishuke, na gari likishushwa dashibodi mara nyingi hurudi na milio mipya. Akanishauri niweke kizuia jua kwenye kioo niachane nao. Nimekiweka, na umepungua sana.

Ukienda, fika mapema asubuhi ya siku ya kazi, gari likiwa tupu na mafuta ya kutosha kuzunguka, na umwonyeshe kasi na aina ya barabara ambayo mlio hutokea. Jumapili usijaribu: soko la Kibuye hujaa siku hiyo hadi barabarani, na hata akikupokea hakuna pa kuliendesha gari mkasikia kitu.