LinuxCNC kwenye Pentium 4 ya karakana yangu, Kizota

Nachonga milango ya mninga hapa Dodoma, na mashine yangu ya kuchongea inaongozwa na LinuxCNC, programu ya bure ambayo chimbuko lake ni NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Kompyuta ni Pentium 4 kuukuu. Nimeing'ang'ania kwa sababu ina ile poti pana ya printa yenye matundu 25. Amri za mota zinapita hapo moja kwa moja.

Kuiwasha ndiko kulikonitoa jasho siku tatu. Toleo la 2.9 ni la biti 64, prosesa yangu ni ya biti 32, kwa hiyo halikuwaka. Flashi nayo haikusomwa. Nikarudi toleo la 2.7 linalokuja na Debian Wheezy, mfumo endeshi wa Linux wa zamani, nikalichoma kwenye DVD, likakubali. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi saa inasoma mwaka 2002, kioo cheusi tii. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi jekundu, nikang'oa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa na mipangilio ya kompyuta, nikaweka mpya. Tangu hapo mipangilio haifutiki.

Kabla ya kuunga mota, endesha kipimo cha ucheleweshaji, yaani kompyuta inachelewa kiasi gani kutoa amri, huku umefungua madirisha mengi. Yangu ilisoma nanosekunde 14,000, safi kabisa. Ikivuka 100,000, tafuta kompyuta nyingine, fundi mwenzangu.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu maelekezo ya kompyuta za zamani yametawanyika mno. Kazi yenyewe haina doa: juzi imechonga mlango saa sita mfululizo bila mota kukosa hatua.