Kong Puppy: inamzoesha mbwa upweke, haimzoeshi bodaboda

Wauzaji wa vifaa vya mbwa huinadi Kong Puppy, kichezeo cha mtoto wa mbwa kinachojazwa chakula, kama dawa ya kila kitu: kutafuna viatu, kulia usiku, kuogopa kelele. Kwa hayo mawili ya kwanza inastahili bei yake. Kwa la tatu, ambalo wengi ndilo wanaloinunulia, ikitumiwa vibaya hudhuru.

Ni mpira laini, wa waridi au buluu, umbo la vifundo vitatu vilivyopandana, kikubwa chini. Ndani ni wazi. Tundu kubwa la chini ni la kuingizia chakula. Dogo la juu ni la hewa, na usilidharau. Kichezeo chenye tundu moja mbwa akikilamba sana huvuta ulimi ndani, ukanasa na kuvimba. Nakala za bei poa za namna hiyo zipo. Kabla ya kulipa, iinue uchungulie: mwanga upite juu hadi chini.

Saizi S ni ya mbwa asiyezidi kilo 9, M ni ya kilo 7 hadi 16, L ya kilo 13 hadi 30. Nunua kwa uzito atakaokuwa nao baada ya miezi miwili, kwa sababu Kong ndogo hukaba koo. Ulaini wake umepimwa kwa meno ya utotoni. Meno ya ukubwani yakishatoka, karibu na mwezi wa saba, hamia Kong nyekundu, ya mbwa wakubwa. Ya waridi atainyofoa vipande na kuvimeza.

Sasa kuzoesha kwenyewe. Dirisha la mtoto wa mbwa kuzoea dunia hufunguka wiki ya 3 na huanza kujifunga kati ya wiki ya 12 na 14, wakati chanjo bado hazijakamilika. Ndiyo maana wengi huanzia barazani: mbwa anakabidhiwa Kong iliyojaa, bodaboda zinapita, katulia tuli, mwenyewe anafurahi. Ila mbwa yule hakutulia. Pua imo tunduni, bodaboda haijamwingia akilini. Ubaya zaidi, Kong ikitangulia kelele kila siku, anaanza kujua kwamba ikitolewa tu, balaa linakuja. Mwisho anaikimbia Kong yenyewe.

Mpangilio uwe kinyume. Sauti kwanza, kisha ndani ya sekunde moja au mbili kipande cha ini lililochemshwa, ukubwa wa punje ya mahindi, kutoka mkononi. Kaa umbali ambao anasimamisha masikio lakini bado anakula. Akikataa ini, hana maringo, mko karibu mno. Rudini nyuma hatua kumi. Dakika tano zatosha. Kong mpe baadaye, ndani, ya kumtuliza. Vivyo hivyo kwa wageni: kichezeo kilichojaa ni mali ya kulindwa, usimwache mtoto mdogo amkaribie mbwa akiwa nacho.

Inapong'aa ni kwenye kumfundisha kubaki peke yake. Mpe, kaa naye chumba kimoja siku ya kwanza. Kesho yake toka nje kwa sekunde thelathini, rudi kabla hajamaliza. Ongeza kidogo kidogo: dakika 2, 5, 10. Akiiacha na kufuata mlango, umeruka hatua.

Ujazaji nao una ngazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku za mwanzo tia chakula kikavu kinachodondoka chenyewe, mbwa ashinde upesi. Wiki inayofuata, ugali uliopoa uliopondwa na dagaa wasio na chumvi, usishindiliwe. Kugandisha kwenye friza ni hatua ya mwisho. Ukianza nayo, analamba mara tatu, anachoka, halafu utaambiwa Kong haifai. Siagi ya karanga ni gundi nzuri kwenye mdomo wa tundu, lakini soma kopo: ikiandikwa xylitol, kiongeza utamu badala ya sukari, hiyo ni sumu kwa mbwa. Kitunguu, zabibu na mabaki ya mchuzi viache. Chochote unachotia kitoe kwenye posho yake ya siku, la sivyo atanenepa au ataharisha.

Usafi ndio kero yake kubwa. Kifundo cha juu hakifikiki kwa kidole, na kwenye joto la pwani ugali hapo huchacha kabla ya jioni na sisimizi wanapanga foleni. Iloweke kwenye maji moto na sabuni kwa nusu saa, sugua kwa brashi ya chupa za mtoto, suuza, isimamishe ikaukie tundu kubwa likiwa chini. Mwenye uwezo anunue mbili, moja iwe inakauka nyingine iko kazini.