Duka la Mangi wa mtaani kwetu, Mbagala: nyota tatu, na sababu zake

Kwanza tuwekane sawa: Mangi wetu si Mchaga. Ni Mkinga wa Makete, na alishachoka kusahihisha watu. Mwenye duka Dar ni Mangi, basi. Duka lenyewe ni fremu moja hapa Zakhem yenye dirisha la nondo, kibao cha "Kukopa harusi, kulipa matanga" kilichofifia, na taa ya njano inayozimwa saa tano usiku. Ukigonga saa tano na nusu anafungua, ila kanuna.

Naona nina haki ya kulisema duka hili kwa sababu mimi nanunua sehemu mbili. Mchana napika kwa madam, Oysterbay, kule ambako bibi yangu hadi anafariki alikuwa anakuita Uzunguni, maana enzi zake Mwafrika alikwenda kule kwa kazi na kurudi. Mara mbili kwa mwezi madam ananituma supamaketi na orodha na pesa zake. Jioni naunganisha magari mawili kurudi Mbagala, nashuka, napita kwa Mangi na pesa zangu. Mkono ule ule, kikapu kile kile. Bei ndiyo inageuka.

Chukua mafuta ya kula. Kwa Mangi ni ya kupima: unapeleka kichupa chako, anachovya kikopo cha bati, sh. 500. Kikopo kimebonyea kitako, na kila mtu mtaani ana maelezo yake kilibonyea lini na kwa nini. Siku moja niliporudi nacho kichupa nikakiwekea alama ya kalamu pale mafuta yalipoishia. Yalipoisha nikakiosha, nikawa nakijaza maji hadi kwenye alama na kumimina kwenye chupa ya lita moja. Vilikwenda vipimo kumi na tano. Kwa hiyo lita ya Mangi ni sh. 7,500. Dumu la lita tano ninalombebea madam ni sh. 30,000, yaani lita sh. 6,000. Mwenye jokofu mbili anakaanga kwa bei nafuu kuliko mimi.

Pampasi ndiyo iliniuma zaidi. Mdogo wangu anakaa kwangu na kichanga. Kwa Mangi unanunua moja moja, sh. 600. Supamaketi bunda la hamsini ni 22,000, piga hesabu mwenyewe, moja haifiki hata 450. Lakini ili upate hiyo nafuu uwe nayo hiyo 22,000 asubuhi moja, na mtoto hasubiri mwisho wa mwezi ndiyo ajisaidie. Sukari ya robo, sabuni ya mche ya kukatwa vipande, majani ya chai ya mia, huko sisemi.

Mnaosoma hapa mtasema Mangi mwizi. Hapana. Naye anachukua dumu la lita ishirini kwa mali kauli, yaani analipa akishauza, kutoka kwa mtu wa jumla Rangi Tatu, analipa bajaji, panya wanakula gunia, na mafuta mengine yanabaki yameng'ang'ania kwenye kikopo. Tatizo ni kwamba juu yake kuna mtu, na juu ya huyo kuna mwingine, na wote faida zao zinashuka hadi kwenye kichupa changu.

Kule supamaketi madam ana kadi ya pointi. Kila anaponunua zinajaa, na mwaka jana zilimpa blenda ya bure. Ya pili hiyo, ya kwanza ipo kabatini. Mifuko yote iliyojaza zile pointi niliibeba mimi. Nikienda na gari lake mlinzi ananifungulia mlango, nikienda kwa miguu ananiuliza, "Dada, unaenda wapi?" Na yeye ni mtu wa Charambe, tunapanda gari moja jioni.

Nilijaribu kununua kitajiri. Zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa ilipofika nikapokea 150,000, nikabeba dumu la mafuta, sukari kilo kumi, mchele, bunda la pampasi. Nikajiona nimeukata. Sasa, ninapokaa ni nyumba ya vyumba sita, korido moja, na dumu la lita tano halifichiki. Kesho yake jirani kaleta kikombe: "Mama, naomba kamafuta kidogo." Utamnyima mtu aliyekulazia mtoto siku ulipochelewa foleni? Siku kumi na mbili dumu limekwisha. Katikati hapo binti yangu akarudishwa nyumbani kutoka shule kwa mchango wa mtihani, sh. 5,000. Ndani nina mchele, sina hata mia. Mafuta hayalipi mtihani. Nikaenda kwa nani? Kwa Mangi. Akatoa elfu tano, akaandika.

Hapo ndipo nyota zake zinapotoka. Lile daftari lina jina la karibu kila mlango, isipokuwa si majina. Mimi ni "Mama Geti Kijani". Yupo "Fundi Redio", yupo "Bibi wa Kikohozi", ambaye akijua ameandikwa hivyo patachimbika. Unga anakopesha, mafuta hakopeshi, hana sababu anayoitaja. Riba hakuna. Sisi tumeona wanawake wawili hapa mtaani wakitolewa godoro na watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwa hiyo mtu anayekudai elfu tano na mwisho wa mwezi anachukua elfu tano tu, mimi kikopo chake kilichobonyea namvumilia.

Pia ananinunulia umeme wa LUKU kwenye simu yake, na hapa nitoke nje ya mada kidogo. Nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi hulipa sh. 100 kwa uniti, ndiyo unafuu waliowekewa wenye matumizi madogo. Mita inayozoea kuzidi hapo inawekwa kundi la sh. 292, kabla ya kodi na tozo. Sisi ni familia sita, kila moja na taa mbili na pasi ya kuazimana, ila mita ni moja. Tukijumlishwa tunakuwa watumiaji wakubwa. Madam mwenye viyoyozi vinne naye yuko 292. Ni sehemu pekee niliyokuta mimi na yeye tuko daraja moja.

Kwa hiyo: bei, nyota moja. Kauli, inategemea Yanga wamecheza vipi. Usafi wastani, kuna paka juu ya magunia na mimi sina shida naye. Kukopesha, nyota zote mlizonazo. Jumla nampa tatu.

Wiki iliyopita nilimnunulia kikopo kipya, kisichobonyea, sh. 1,500 pale Rangi Tatu. Alishukuru sana. Anapimia mafuta ya taa.