Pula ya bolijointi: uzoefu wangu na jointi iliyogoma kutoka

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, na karibu kila siku hutoka nalo Malindi mjini, nikavuka daraja la Sabaki na kupita Mambrui hadi Gongoni, ninakofanya kazi. Gongoni ni kwenye mashamba ya chumvi, na upepo ukivuma kutoka baharini hakuna chuma kisichoonja chumvi hiyo. Kwa hivyo gurudumu la mbele la kushoto lilipoanza kugonga kila nilipopita tuta, nami nikaliinua kwa jeki, nikalitikisa kwa mtaimbo na kuona linacheza, sikuwa na shaka kwamba bolijointi ya chini, ile jointi yenye tufe inayoliunganisha gurudumu na mkono wa chuma ulio chini yake, imekwisha. Shaka yangu ilikuwa kama itakubali kutoka.

Wengi hudhani ni kutu peke yake inayoishika bolijointi. Kutu huongeza tabu, lakini hata jointi isiyo na kutu hugoma, kwa sababu mguu wake, yaani kile kijiti chake chenye nyuzi, umechongwa ukipungua unene kuelekea kwenye nati, na tundu la nakoli, kile chuma kinacholibeba gurudumu, limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa, mguu huvutwa ndani ya tundu mpaka vyuma viwili vikashikana kama kabari iliyopigiliwa ndani ya gogo. Ukiifungua nati yote bado jointi hukaa palepale, na ndipo watu huanza kutafuta nyundo.

Mimi niliwahi kuigharamia nyundo hiyo. Miaka miwili iliyopita, katika gereji moja ambayo sitaitaja, upande wa kulia ulifunguliwa kwa uma wa chuma, ule unaopenyezwa kati ya jointi na nakoli kisha ukapigwa kwa nguvu. Bolijointi ilitoka, nami sikujali kwamba mpira wake ulichanika, kwa kuwa ilikuwa inatupwa. Tatizo ni kwamba uma huo huo ulitumiwa kwenye tairodi, ile fito ya usukani inayoligeuza gurudumu, ambayo ilikuwa nzima na ilitakiwa kurudishwa. Mpira ukapasuka, mchanga ukaingia kwenye grisi, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kununua tairodi mpya.

Safari hii nikaamua kununua pula yangu mwenyewe, yaani kifaa cha kuisukuma jointi itoke, katika duka la vipuri mjini, kwa shilingi 1,800. Ni ya aina ya mkasi: ina mikono miwili iliyounganishwa katikati, mdomo mmoja ukiwa na mwanya wa kuukumbatia mguu wa jointi, na mdomo wa pili ukiegemea ncha ya mguu huo. Nyuma kuna bolti ndefu ambayo ukiikaza, mikono hutanuka upande wake na midomo hubana upande wa pili. Haina jina la kampuni linalosomeka. Chuma chake ni kizito na hakijapinda hadi leo, lakini bolti ilitoka dukani ikiwa kavu kabisa, na mtu akiikaza hivyo atazila nyuzi zake siku ya kwanza. Niliipaka grisi kabla ya yote.

Tairodi ndiyo iliyonifanya niipende. Niliilegeza nati mpaka ikawa sawa na ncha ya mguu, nikaiacha pale ili ilinde nyuzi na kuizuia jointi isirukie mkono wangu, kisha nikaingiza pula na kuikaza kwa spana. Sikumaliza hata dakika tano. Ilitoa mlio mmoja mkali kama fataki, ikaachia, na mpira wake haukuwa na mkwaruzo.

Bolijointi ya chini ilikuwa habari nyingine. Kwenye Corolla hii mguu wa jointi unatazama juu, na nati yake imekaa chini kidogo tu ya draivushafti, ule mtaimba unaolizungusha gurudumu, hivi kwamba pula haiingii hata kwa dua. Dukani hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza. Ilinibidi nifungue nati kubwa ya haba, yaani ya kitovu cha gurudumu, ya milimita 30, niifungue jointi kutoka kwenye mkono wa chini, ambako hushikwa na bolti moja na nati mbili, kisha niivute nakoli kando, nitoe draivushafti na kuifunga kwa waya ili isining'inie. Asubuhi yote ilikwisha hapo, na gari lilikuwa juu ya stendi mbili, maana mimi siingizi mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pula ilipopata nafasi nilikaza mpaka bolti ikaanza kulia. Kimya. Nikasubiri, nikaongeza robo mzunguko, kimya tena. Nilikuwa nimeshachukua bomba la kurefusha spana ndipo jirani yangu, mzee aliyefanya ufundi wa magari maisha yake yote, alipokuja akainama kutazama.

"Mwanangu, usiongeze," alisema. "Iache ibanwe hivyohivyo, kisha ipige nakoli ubavuni, hapo penye tundu. Jointi yenyewe usiiguse."

Nilipiga mara mbili kwa nyundo ya ratili nne, ubavuni mwa tundu, pula ikiwa bado imekaza. Pigo la pili likaitoa. Mzee alinieleza kwamba pigo la ubavuni hulitikisa tundu, likapoteza umbo kwa nukta tu, na nukta hiyo yatosha ikiwa tayari kuna nguvu inayousukuma mguu utoke. Pula bila nyundo ilishindwa, na nadhani nyundo bila pula ingenichukua hadi magharibi.

Kwa upande wa kasoro, mdomo wenye mwanya ni mnene. Usipoupenyeza taratibu, ukingo wake huubana mpira, na nina hakika kwa mtu mwenye haraka utauchana kama uma ule. Mwanya wenyewe ni wa takriban milimita 20, kwa hiyo wenye Land Cruiser na magari mengine mazito watafute kubwa zaidi, wala wasijaribu kuulazimisha.

Kufunga hakukuwa na tabu. Nilipangusa tundu la nakoli kwa kitambaa kikavu, bila kulipaka grisi, kwa sababu pale vyuma vinatakiwa vishikane. Tundu la pini inayoizuia nati isilegee halikulingana na meno ya nati, nami nikaikaza mbele kidogo mpaka likalingana. Kuirudisha nyuma ni kuilegeza jointi. Pini nilitia mpya. Siku ya pili nikapeleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu, na tangu hapo nimekwenda Gongoni na kurudi bila kusikia gurudumu likigonga.

Pula yenyewe sasa haiko kwangu. Mzee aliiazima Jumanne kwa ajili ya Probox ya mpwa wake, nami nimemwomba jambo moja tu, kwamba aipake bolti grisi kabla ya kuikaza.