Mimea ya kupandisha kwenye uzio kusini mwa Ulaya: ununue ipi?

Uhispania, Ugiriki na kusini mwa Italia mvua hunyesha msimu wa baridi, kisha Juni hadi Agosti ni ukame mtupu. Vitalu hupendeza sana Mei, kila chungu kimechanua, lakini mche ulionunuliwa wakati huo unakutana na kiangazi mizizi ikiwa bado michanga. Nunua Oktoba au Novemba.

Namba moja kwangu ni asumini-nyota, ambayo kwenye lebo huandikwa Trachelospermum jasminoides. Inabaki kijani mwaka mzima, kwa hiyo jirani hakuchungulii hata Januari, na ikishakomaa huhimili baridi ya hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Asumini ya kweli ni mmea mwingine, na wauzaji huchanganya. Chuma jani moja: likitoa utomvu mweupe kama maziwa, ndiyo asumini-nyota. Miaka ya mwanzo inajivuta, hivyo ongeza pesa kidogo upate chungu kikubwa. Kabla ya kulipa kiinamishe utazame matundu ya chini. Mizizi ikiwa imejisokota huko, chukua kingine.

Bogenvilia, ile tuliyoizoea kwenye kuta za Mombasa na Dar, naiweka ya pili, na kwa waishio karibu na bahari tu. Bara, usiku mmoja wa jalidi unatosha kuua mche mchanga. Hii peke yake ipandwe majira ya kuchipua, baridi ikishapita. Usiing'oe chunguni kwa kuivuta, maana mizizi yake ni dhaifu, pasua chungu. Na usiihurumie kwa maji: ukiimwagilia sana utapata majani matupu bila maua.

Waridi la Banks (Rosa banksiae) karibu halina miiba na huvumilia ukame likishashika. Huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena ni zito, linataka nguzo imara.

Mzabibu ni mzuri, ila hupukutisha majani na kuacha uzio uchi. Upandishe kwenye kichanja cha kivuli.

Wisteria usiipe uzio wa wavu: shina lake hunenepa na kupinda waya, na mbegu zake ni sumu, jambo la kuangalia penye watoto. Ipomoea indica, ya maua ya buluu-zambarau, utaipata bure kwa jirani. Ikatae, nchini Ureno inahesabiwa mmea vamizi, na kipande cha shina kilichoachwa chini huota upya.