Gramps: programu ya ukoo isiyokuuliza kama mtu ameoa

Wengi wanaoandika ukoo kwenye daftari hutenga safu ya hali ya ndoa: ameoa, mtalaka, mjane. Safu hiyo huzeeka haraka, kwa sababu hali ya ndoa hubadilika na daftari halibadiliki. Gramps, programu ya bure ya Linux, Windows na Mac, haimwekei mtu safu hiyo. Ndoa inakaa kwenye rekodi ya familia, nayo inabeba wenzi wawili, watoto wao na matukio yenye tarehe: uchumba, ndoa, talaka. Ujane huujazi popote. Tarehe ya kifo cha mwenzi inatosha.

Kwa ukoo wa mitala hapo ndipo watu hukwama. Babu mwenye wake watatu hufunguliwa familia tatu, na zote huunganishwa na rekodi yake ileile moja. Ukimwandika upya kila mara utapata mababu watatu, na watoto hawataonekana kuwa ndugu wa baba mmoja. Wake hufuatana jinsi ulivyowaingiza, kwa hiyo mke mkubwa akija wa mwisho, mpandishe kwa mkono.

Talaka ikitokea, usimfute mwenzi. Ongeza tukio la talaka, la sivyo watoto watabaki na mzazi mmoja. Waliorudiana hawahitaji familia ya pili, na programu yenyewe itakuonya kwamba wazazi hao tayari wana rekodi. Mke akirejewa ndani ya eda, hakuna ndoa mpya ya kuandika. Maelezo mafupi yanatosha. Wakifunga upya baada ya eda, weka tukio la pili la ndoa.

Tarehe ndizo zinazoipa Gramps nyota zake. Kalenda ya Hijria imo, basi hati ya kadhi inaingia ilivyo bila wewe kupiga hesabu. Mzee wa Tanganyika akisema "baada ya uhuru", chagua "baada ya", andika 9 Desemba 1961, na maneno yake yaache kwenye maelezo ya tarehe.

Udhaifu upo kwenye aina za uhusiano, ambazo zinanuka Ulaya. Ndoa ya kimila haimo. Unaweza kuibuni, ila ukihamisha data kwa GEDCOM, faili ambalo programu za ukoo hubadilishana, usitegemee ifike salama. Ni afadhali kuchagua kwamba wameoana, kisha "kimila" na mahari viandikwe kwenye tukio la ndoa. Hilo si kudanganya: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila. Aina ya "Haijulikani" ni ya usichokijua, si ya kusitiri aibu. Kwa aibu kuna alama ya kufuli, lakini haifichi kitu kwenye kompyuta yako. Inafanya kazi unapotoa nakala, tena kama umechagua rekodi zenye kufuli, yaani za faragha, zisiingie kwenye nakala hiyo.