Watoto wa mbwa wa madoa, Shangani Mtwara: banda safi, masikio hayajapimwa

Kwa usafi, banda hili linapata maksi zote. Sakafu ya saruji inapigwa deki, maji yapo, kadi za chanjo unaonyeshwa kabla hujauliza bei. Tatizo ni masikio.

Muuzaji anapiga makofi juu ya kapu la watoto sita. Wakiinua vichwa, anasema wote wanasikia. Kiziwi hushtuka kwa kuwa wenzake wameshtuka, au amehisi upepo wa viganja. Na kiziwi wa sikio moja atafaulu mtihani huo kila siku. Kwa Dalmatian, yaani hawa mbwa wa madoa, hilo si jambo dogo: katika vipimo vya Marekani vilivyokusanywa na George Strain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, karibu 30% walikuwa viziwi, wengi wao wa sikio moja.

Chanzo ni seli za rangi. Zinatakiwa zifike hata ndani ya sikio, kwenye utando wenye mishipa ya damu unaotunza potasiamu ya majimaji ya humo. Jeni ya weupe ikizizuia, utando hunyauka mtoto akiwa na wiki tatu au nne, seli za kusikia zinakufa, na hazioti tena. Ndiyo maana mwenye macho ya buluu huangaliwa zaidi. Manyoya meupe peke yake hayatoshi kumhukumu mbwa: Samoyed ni mweupe pee, lakini pua na kingo za kope ni nyeusi. Seli zipo.

Lawama yetu kubwa ni kwa mbwa wengine wa banda hili, wale wa kijivu chenye mabaka meusi, yaani merli. Hapa dume na jike wote ni merli! Kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atarithi nakala mbili za jeni ya merli, na huyo yuko hatarini kuwa kiziwi na kuwa na macho yenye kasoro. Merli apandishwe kwa asiye merli, tena baada ya kupima vinasaba kwa usufi wa shavuni (pamba inayosuguliwa ndani ya shavu), kwa sababu merli hujificha kwenye manyoya mekundu au ya krimu.

Kwa Dalmatian usufi hautoi jibu. Jibu ni BAER, kipimo kinachosoma umeme wa ubongo unapoitikia sauti: sindano nyembamba za kunasa umeme huo chini ya ngozi ya kichwa, milio sikio moja moja, kuanzia wiki ya tano. Ukiikosa, mtenge mtoto peke yake, asubiriwe alale kwenye saruji, tikisa funguo nyuma yake mita mbili, rudia mara tano. Anayegeukia upande usio na sauti, usimchukue kwa kuzalisha.